Kaka wa Dawati la Nyuma

Kaka yangu alichelewa shule kwa sababu ya sikio. Watoto wengi wa kijijini kwetu Ukata, huku juu milimani Mbinga, hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo siku ya kuandikisha kilitumika kipimo ambacho Watanzania wengi wanakikumbuka: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, una miaka saba. Usipolifikia, rudi mwakani.

Kipimo kile kinapima chakula kuliko umri. Ruvuma inavuna mahindi hadi inalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta watoto zaidi ya wanne kati ya kumi wa mkoa huu wamedumaa. Tumbo limeshiba ugali, mkono haukui. Kaka akarudishwa mara mbili. Mwaka wa tatu sikio alilishika, ila bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka na baba hakuwa na ada wala sare. Mwaka uliofuata alishakuwa mlinzi wetu wa shamba dhidi ya nyani, na hakuna aliyeuliza tena.

Januari 2002 tuliandikishwa pamoja, mimi na miaka 7, yeye 11. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa na MMEM ndiyo kwanza umeanza. Watoto walifurika nchi nzima. Waliopitiliza umri kama yeye walitakiwa kusoma MEMKWA, mpango wa waliokosa, uliokuwa umejaribiwa hata kwa jirani zetu wa Songea Vijijini. Kwetu darasa hilo halikuwepo. Mwalimu akamtazama, akaandika jina lake chini ya langu.

Kisha mwili ukaanza kulipa deni. Kufika darasa la nne alikuwa amempita mwalimu wa hisabati kwa kimo, miguu mirefu ndani ya kaptula ya kaki. Alikaa dawati la nyuma asiwazibe wenzake ubao. Tulimwita Babu. Kazi zote nzito zilikuwa zake: kuchimba shimo la choo, kuchota maji ya walimu, kumfukuza nyoka. Mapigo pia alipata ya mtu mzima. Kilichomuumiza zaidi, naamini, ni kusoma kwa sauti. Sauti yake ilikuwa imeshavunjika, na hadithi ya sungura ikisomwa kwa sauti ya mwanaume darasa zima linacheka kabla sungura hajafanya lolote.

Kichwani hakuwa mzito hata kidogo. Mafungu na asilimia aliyajua kutoka kwenye mizani ya kahawa, na ni yeye aliyenielewesha kugawanya, jioni, kwa punje za mahindi. Nimesoma baadaye habari za Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, dunia nzima ikamshangilia. Anastahili. Lakini mzee wa miaka 84 darasani anapigwa picha, wakati kijana wa miaka 16 anaonekana mhalifu, hasa wasichana wa darasa la saba wakianza kumpenda.

Kila msimu wa kuchuma kahawa watu walidhani hatarudi. Alirudi. Septemba 2008 tulifanya mtihani wa darasa la saba chumba kimoja, na majina yetu wote wawili yakatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa sekondari ya kata.

Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ongeza michango, sare, na pango la chumba, maana shule ilikuwa mbali. Baba angeweza mmoja. Aliita kikao, na mjomba ndiye aliyesema yaliyokuwa vichwani mwa wote: "Huyu mkubwa akimaliza atakuwa na miaka ishirini na moja. Huyo ni wa kuoa, si wa kuvaa sare." Kaka alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Hakubisha. Aliuliza tu shule inafunguliwa lini.

Siku hiyo alinibebea godoro na debe la mahindi, tukishuka na kupanda kando ya mashamba ya ngoro tangu alfajiri. Chumbani alikagua komeo, akaligonga kwa jiwe mpaka likashika. Akanipa kalamu yake ya mtihani, wino ukiwa karibu nusu, akawahi kurudi kabla ya mvua.