Baina ya Yas na Jebel Ali: Likizo ya Familia na Kipimo Tulichokisahau



Mtoto wa Mombasa huijua bembea kwanza pale Makadara, siku ya Idi, akiwa amevaa nguo mpya na mkono wa Idi ukilia mfukoni. Hulipa, hupanda, hushuka na kizunguzungu chake na furaha yake, na hakuna anayemuuliza urefu wake. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa bustani ya michezo ya watoto wetu, nasi hatukuona upungufu. Lakini mwaka huo mambo matatu yalikutana. Mwana wetu wa kwanza alikuwa amemaliza darasa na mwezi wa Januari angekwenda shule ya bweni. Bibi yao, aliyetulea sote, alikuwa ameanza kulalamika magoti na kusema kwamba hana safari nyingi zilizobaki. Na fedha tulizoziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili zilikuwa zimefika kiasi cha kutosha safari moja. Tukaona kwamba ikiwa tutasafiri pamoja, sote saba, basi ni likizo hii ya Desemba au pengine isiwe tena.

Kwamba tungekwenda Imarati hapakuwa na ubishi. Ni karibu, chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, adhana husikika, na Desemba huko ni majira ya baridi nyepesi, tofauti na Julai na Agosti ambapo joto hupita nyuzi 40 na mtu hawezi kumtembeza mtoto nje mchana. Ubishi ulikuwa mmoja tu: tufikie wapi? Fedha zilitosha mahali pamoja, si pawili.

Mahali pa kwanza ni Jebel Ali, ukitoka Dubai kufuata barabara ya Sheikh Zayed kuelekea Abu Dhabi. Hapo pana mkusanyiko wa bustani uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2016 kwa jina la Dubai Parks and Resorts. Kubwa kwa watoto ni Legoland, iliyokusudiwa hasa walio baina ya miaka 2 na 12, pamoja na bustani yake ya maji. Ndani yake mna ukumbi wenye kuba ambamo majengo mashuhuri, ukiwamo mnara wa Burj Khalifa, yamejengwa upya kwa vipande vile vidogo vya plastiki ambavyo mzazi huvikanyaga usiku akaruka. Kando yake iko Motiongate, iliyojengwa juu ya sinema, na tangu 2024 iko bustani ya klabu ya Real Madrid. Hoteli ziko hapo hapo, mojawapo ikiwa ya Legoland yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 2022.

Mahali pa pili ni Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, mwendo wa dakika chache tu kutoka uwanja wa ndege wa Zayed. Kisiwa kina ukubwa wa takriban kilomita 25 za mraba, na bustani zake zimejengwa moja baada ya nyingine: Ferrari World mwaka 2010, chini ya paa jekundu linaloonekana hata kutoka angani, Yas Waterworld ya maji mwaka 2013, Warner Bros. World mwaka 2018, ambayo yote imo ndani ya jengo moja lenye ubaridi. Na SeaWorld mwaka 2023, ambayo haikuweka nyangumi wauaji kama zile za Marekani, bali ina bwawa kuu la samaki lenye lita zipatazo milioni 25 na kituo cha kuokoa wanyama wa baharini. Mwezi wa Mei 2025 kampuni ya Disney nayo ilitangaza kwamba bustani yake itajengwa kisiwani humo.

Tuliitana baada ya Isha, tukaketi kitako ukumbini. Ami yao, ambaye hakuwa msafiri, alitukumbusha wajibu wake kama mkubwa. Akasema: "Mtumie, lakini msifuje. Israfu haianzi kwa fedha nyingi, huanza kwa fedha isiyojulikana imekwenda wapi." Tulilipokea neno lile, na ndilo lililotufanya tuandike kila kitu katika daftari. Mwana wa kwanza alitaka Yas, kwa ajili ya gari la reli la Formula Rossa, lifikalo mwendo wa kilomita 240 kwa saa katika muda usiotimia sekunde tano. Kitinda mimba wetu wa miaka minne alitaka Lego, akalia kuthibitisha. Bibi aliuliza mambo matatu: pana kivuli, pana pa kuswali, na je, tutakuwa pamoja au kila mtu atakwenda njia yake? Binti yetu wa kati, wa miaka kumi, alipoulizwa alisema, "Popote sawa." Tukamshukuru kwa tabia njema na kuendelea na wengine.

Tukapima. Jebel Ali kulimfaa mdogo, lakini mkubwa angekuwa kama aliyerudishwa chekechea. Yas palimfaa mkubwa kwa Ferrari, mdogo kwa katuni za Warner Bros., na Bibi kwa kuwa sehemu kubwa imo ndani, sakafu ni tambarare na viti vya magurudumu hupatikana. Bustani zake ziko karibu hata wanaotengana asubuhi waweza kukutana Adhuhuri. Tukaandika "Yas" katika daftari, tukasoma Fatiha, tukalala tukijiona waadilifu.

Wakala aliyetushughulikia viza na tiketi alitusifia uamuzi wetu. Hakutwambia lolote juu ya vimo, wala sisi hatukuuliza.

Zamani jahazi zilitoka Ghuba na upepo wa kaskazi, zikaja Mombasa na Lamu na tende, mazulia na masanduku, kisha zikangoja kusi ya kuzirudisha kwao. Sisi tuliondoka katika kaskazi yenyewe, tukiuelekea upepo, na Bibi dirishani alisema kwamba babake angetucheka. Babake alikuwa mkata mikoko katika mikondo ya Lamu. Boriti alizozikata zilipakiwa jahazini kwenda kuezeka nyumba za huko tunakokwenda, kwa sababu bara ile haikuwa na mti wa kutosha kubeba paa. Wenyeji waliziita chandal, na upana wa vyumba vyao vya zamani, kama ule wa vyumba vyetu vya Lamu, ulifuata urefu wa boriti.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Warner Bros., na hatuna la kulaumu. Mdogo alikutana na katuni zake, Bibi aliketi penye ubaridi akitazama watu, na chumba cha kuswalia kilikuwapo. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri tulikasiri na kujumuisha, jambo lililotuondolea haraka ya kukimbia huku na huko. Tulirudi hotelini sote tumechoka kwa kiasi kimoja, na hiyo ndiyo dalili ya siku njema ya familia.

Siku ya pili tuliingia chini ya paa jekundu. Kwenye mlango wa Formula Rossa pana alama ya kipimo, sentimita 140, na mhudumu kijana mwenye adabu aliyesimama nayo. Mwana wa kwanza alipita. Nyuma yake alikuja binti yetu wa kati, amefunga kamba za viatu vyake mara mbili, mtandio ameubana vizuri usiruke. Akasimama chini ya alama. Alipungukiwa na vidole viwili.

Hatukujua kwamba yeye naye alikuwa anataka. Baadaye ndipo kaka yake alipotueleza kwamba wiki nne nzima walikuwa wakizungumza usiku juu ya safari ile moja, watakavyokaa kiti kimoja, watakavyopiga kelele, kwa sababu Januari kaka angeondoka na chumba kingebaki cha mmoja. Kule kusema kwake "popote sawa" kulikuwa na maana moja tu: popote atakapokuwa kaka. Mhudumu hakukosea. Kipimo kile kimewekwa kwa usalama, na mtoto aliyepungukiwa hashikiki vyema kitini. Waliokosea ni sisi. Tulikuwa tumempima mkubwa kwa umri wake, mdogo kwa kilio chake, na Bibi kwa magoti yake. Huyu hatukumpima kwa lolote, kwa kuwa hakutusumbua.

Kaka alipanda peke yake. Aliporudi tulimuuliza ilikuwaje, akasema, "Ni haraka tu." Hakusimulia zaidi, na hakupanda mara ya pili ijapokuwa foleni ilikuwa fupi.

Jioni ile Bibi alisema kesho hataki bustani yoyote. Ameambiwa karibu na hapo kuna mikoko, na anataka kuiona. Kweli, baina ya Yas na Saadiyat kiko kisiwa cha Jubail, chenye njia ya mbao iliyotandazwa juu ya maji katikati ya miti, na kiingilio chake ni kidogo mno ukilinganisha na cha bustani za michezo. Binti wa kati akajitolea kukisukuma kiti cha Bibi.

Maji yalikuwa yakijaa. Kaa wadogo walikuwa wakipanda shina, na mizizi ilikuwa imechomoza matopeni kama penseli zilizochomekwa. Bibi alitazama kidogo tu, kisha akacheka. "Huu ni mchu," akasema. "Si mkoko. Mchu hautoi boriti. Ndiyo maana walikuja kwetu." Na ni kweli: mchu ndio aina pekee ya mikoko inayoota kwa asili katika pwani ya Imarati. Yale tuliyoyasoma vitabuni bibi wa Lamu aliyajua kwa kutazama mzizi.

Kisha akaanza kumhesabia mjukuu wake, kwa vidole, namna babake alivyoipanga miti baada ya kuikata: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila unene na jina lake na bei yake, ikiuzwa kwa korija, miti ishirini ishirini. Mtoto akauliza upi ulikuwa bora. Bibi akamjibu: "Hapana bora. Boriti hubeba, lakini nyumba haikamiliki kwa boriti peke yake. Babangu hakuutupa mti kwa kuwa si mnene, aliuweka panapoufaa." Hakutaja Ferrari wala kipimo. Binti yetu alinyamaza mpaka mwisho wa njia, kisha akaomba ahesabiwe tena tangu fito, na kaka yake, aliyekuwa nyuma yao, akawa anayarudia majina pamoja naye.

Siku iliyobaki ilikuwa Ijumaa. Tuliswali katika Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye kuba 82, nguzo zaidi ya elfu moja, na zulia moja lililofumwa Iran lenye ukubwa wa mita za mraba 5,627. Unaweza kupokea waumini zaidi ya 40,000, na hakuna anayelipa wala anayepimwa kimo mlangoni. Alasiri tukawapeleka watoto Yas Waterworld, iliyojengwa juu ya kisa cha msichana anayeitafuta lulu iliyopotea, kwani kabla ya mafuta watu wa pwani ile waliishi kwa kupiga mbizi za lulu. Humo tulisoma kwanza ubao wa vipimo kabla ya kumwahidi yeyote chochote, na wale ndugu wawili walipata mteremko mmoja walioruhusiwa kuteremka pamoja. Waliuteremka hatukumbuki mara ngapi.

Sasa, ndugu msomaji unayeuliza uchague wapi, ushauri wetu ni huu. Ikiwa watoto wako wote hawajapita miaka 12, nenda Jebel Ali, wala usishawishiwe na paa jekundu. Huko kumejengwa kwa ajili yao. Ikiwa una vijana, wazee na wadogo mchanganyiko, Yas patakuenea vyema zaidi, na jirani yake una msikiti na mikoko. Epuka wiki ya mashindano ya magari ya Formula 1, yafanyikayo Yas karibu na mwanzo wa Desemba, kwani hoteli hupanda bei. Nunua tiketi ya bustani zaidi ya moja kwa pamoja, na uinunue kabla ya kusafiri. Wanaoingia majini wachukue vazi la stara lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Uliza hoteli mapema kuhusu chakula na kama huuzwa pombe, kwani hoteli nyingi za huko huiuza.

Na kabla ya yote hayo, chukua futi ya fundi cherehani, wasimamishe watoto ukutani nyumbani, uandike kimo cha kila mmoja. Kisha mwite kando yule asemaye "popote sawa", umuulize mara ya pili.

Mwana wetu yuko bweni sasa. Katika barua yake ya kwanza alimwandikia dada yake mstari mmoja chini ya salamu: amejipima? Dada alijibu kwamba amebakiza kidole kimoja.

Mwenyezi Mungu azidumishe nyumba zetu katika mapenzi na uadilifu baina ya watoto. Amin.