Nilipokataa Kumsikiliza Binti Yangu

Leo nataka kuwasimulieni kosa langu mwenyewe. Huenda likamfaa mwenye kompyuta ya zamani nyumbani kwake.

Hapa kwetu Jang'ombe tunayo kompyuta moja ya mezani, tuliyoinunua imekwisha tumika. Binti yangu huwachapia watu barua za kuomba kazi, na walimu mitihani yao. Ada ya wadogo zake hutoka hapo. Mwaka jana mashine ikawa nzito mno. Ukifungua kazi mbili pamoja, inakwama. Wateja wakangoja, wakachoka, wakaenda zao.

Binti akaniambia, "Baba, RAM ni ndogo, giga 2 tu. Lakini tusinunue bado. Kwanza niifungue mashine, nitazame inataka ya namna gani."

Mimi nikasema moyoni, RAM ni RAM. Nikatwaa shilingi 45,000 tulizoziweka kwa ajili ya ada, nikaenda Darajani. Mwuzaji akaniuliza, "Mzee, mashine yako inatumia DDR ngapi?" Nikaona haya kusema sijui. Nikajibu, "Nipe iliyo mpya." Akanipa kipande cha giga 4.

Nyumbani nikajaribu kukitia. Hakikuingia. Nikakigeuza, wapi! Nikataka kukisukuma kwa nguvu. Binti akanishika mkono: "Baba, tafadhali, usilazimishe! Utavunja ubao wa mashine, tukose vyote."

Basi akaketi akanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu alipokuwa mdogo. Diski ni kama kabati la fundi cherahani, na RAM ni meza yake. Vitambaa hukaa kabatini, lakini kazi hufanyika mezani. Meza ikiwa ndogo, fundi kila mara huinuka kwenda kabatini. Ndiyo sababu ya mashine kuchelewa.

Lakini si kila RAM hufaa kila mashine. Zina vizazi: DDR2 ilitoka mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na kanuni za DDR5 zilitolewa mwaka 2020. Kila kizazi kina pengo ukingoni, kwenye meno yake, nalo limewekwa mahali pake mbali na la wenzake, makusudi, ili mtu asitie isiyofaa. Umeme wake pia si mmoja: DDR3 ya kawaida hutaka volti 1.5, na DDR4 volti 1.2. Mashine yetu ni ya DDR3. Mimi nilileta DDR4. Hata RAM ya laptopu haifai, kwa kuwa ni fupi, karibu nusu ya hii.

Akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha sanduku la mashine ili umeme wa mwilini usiharibu kitu, akatoa kipande cha zamani. Kilikuwa na karatasi iliyoandikwa 2GB na PC3-12800. PC3 maana yake DDR3. Namba ya pili ni mwendo wake. Ukichanganya za mwendo mbalimbali, zote hufuata iliyo ya polepole. Tena akahesabu nafasi, zilikuwa mbili, akatafuta katika maelezo ya mashine jumla ya giga inazokubali. Akatazama na Windows yetu, maana ile ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya giga 4. Yetu ni ya biti 64.

Kesho yake tukaenda Darajani pamoja, kipande cha zamani mfukoni. Mwuzaji, kwa wema wake, akatubadilishia kwa DDR3 ya giga 4 iliyokwisha tumika, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Chenji hakurudisha, wala sikumdai. Hasara ilikuwa ya kiburi changu. Sasa mashine inakwenda vizuri, na wateja wamerudi.

Wazee husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeona kwamba hata mkuu asiyesikia la mdogo huchechemea. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua toa kile cha zamani, uende nacho dukani. Na ukiulizwa usilolijua, sema, "Sijui." Neno hilo halina bei, kunyamaza kwangu kulikuwa na bei.