Mshono wa Baba

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma Mikinduri, kando ya soko. Mageti, madirisha, mikokoteni, chochote kilichokatika. Kuna kauli yake nimeisikia tangu utotoni: "Chuma kitakatika, mshono wangu utabaki." Wateja hucheka, wakalipa.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea uhandisi wa mitambo, nilirudi likizo najiona sana. Wiki hiyo mwenye poshomili alileta bomba la moshi la injini yake ya dizeli. Baba alikuwa amelichomelea wiki mbili kabla. Lilikuwa limepasuka tena, palepale kando ya mshono.

Nikaona nafasi yangu. Mbele ya mteja nikamwambia Baba kwamba mshono wake hauwezani na joto. Chuma kikibeba mzigo kwenye joto kali huvutika polepole, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi mshono huchoka kabla ya bomba lenyewe. Ndiyo maana mwaka 2004 kanuni ya Marekani ya mabomba ya viwandani, ASME B31.3, iliweka kipunguzo: wakati huo mshono ulihesabiwa nguvu kamili hadi nyuzi 510 za Selsiasi, halafu hesabu ilishuka hadi nusu kwenye nyuzi 815. Nguvu ikipungua, mhandisi anaongeza unene wa bomba. Nikataja hata kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, ambako mwaka 1985 bomba la mvuke lilifunguka kwenye mshono na kuua watu 6.

Mteja akamwangalia Baba. Baba akazima mashine. "Sawa, injinia." Hakuwa ananisifu.

Usiku nikafungua noti zangu. Kipunguzo kile ni cha mishono inayofuata urefu wa bomba, lenye presha ndani. Mshono wa Baba ulizunguka bomba, na moshi wa poshomili hauna presha ya kutajwa. Tena hesabu zake zimejengwa juu ya saa 100,000, zaidi ya miaka 11 bila kupumzika. Bomba letu lilikuwa limepasuka kwa siku 14.

Asubuhi nilimkuta Baba kwenye poshomili, ameliwekea bomba kiganja huku injini ikinguruma.

"Linatetemeka," akasema bila kugeuka. "Halijashikwa mahali."

Tukalichomelea upya, kisha akatengeneza mkono wa chuma wa kulishikilia kwenye kitako cha injini. Nikamwambia mwenye poshomili, Baba akisikia, kwamba jana nilikosea. Kuomba msamaha nyumbani kungekuwa rahisi, lakini nilikuwa nimemwaibisha sokoni.

Tukirudi, Baba akauliza, "Hizo nyuzi mia tano, chuma huvutika kweli?"

"Huvutika, Baba."

Akanyamaza mpaka tukafika.

Bomba lile halijarudi. Na kauli yake bado anaitoa, ila siku hizi ina mkia: "Chuma kitakatika, mshono wangu utabaki. Labda uuweke motoni miaka kumi."