Hema za Siku Mbili

Wageni wanaotoka Marekani, Australia au Norway kuja kuona familia zao hapa Nakivale, karibu wote wana ratiba moja. Siku ya kwanza ni kulia na kukumbatiana. Siku ya pili mbuzi anachinjwa. Siku ya tatu watu wanaanza kupanga foleni mlangoni: huyu mtoto wake amefukuzwa shule, yule faili yake imelala tangu 2017. Ikifika siku ya tano mgeni amechoka, amehamia hoteli Mbarara, familia inampigia simu tu. Halafu ndege. Ukiwauliza walizungumza nini, hakuna anayekumbuka vizuri.

Yaya wangu hakutaka hivyo. (Kwetu Rutshuru yaya ni kaka au dada mkubwa, sio mfanyakazi wa kulea watoto. Wasomaji wa Kakuma, msicheke.) Alikuja Desemba 2023, baada ya miaka nane Kentucky, pamoja na mke wake na watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Katika sanduku moja alikuwa amebeba hema mbili. Alisema huko watu anaofanya nao kazi kiwandani, wikendi ikifika, wanachukua hema na kwenda kulala porini kwa hiari yao, na mahali pa kulala wanalipia.

“Wanalipa?” Mama akauliza.

“Wanalipa, mama.”

Mama aliangalia zile hema kama mtu anayeangalia deni la zamani. “Mimi mu hema sirudi. Nililalaka mule, nikamaliza.”

“Mama, ni siku mbili tu.”

“Hata siye walituambia ni siku mbili.”

Hapo nyumba yote ilinyamaza. Wanaojua 2008 wanaelewa. Vita ilipofika Rutshuru mwishoni mwa Oktoba, tulivuka mpaka Bunagana, na kila mtu mpakani alikuwa anasema subirini siku mbili, hali itatulia. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baadaye tulipandishwa gari hadi Nakivale, tukapewa kiwanja, miti, jembe na turubai. Baba alifariki chini ya turubai ile mwezi wa tatu 2009, wakati wa mvua. Yaya alikuwa na miaka kumi na tisa, na ni yeye aliyechimba kaburi pamoja na majirani. Kwa hiyo msidhani ni mtu wa Marekani amesahau alikotoka.

Usiku nilimuuliza kwa nini hasa anasumbua mama na hema. Alichelewa kujibu. Akasema: “Nataka nilale mu hema na mama mara moja, na asubuhi tukunje turudi nyumbani.”

Sikuwa na neno la kuongeza. Nilienda kwa mama nikamwambia hivyo hivyo. Mama alisema atakuja, lakini atalala kwenye gari.

Niseme kidogo juu ya safari yenyewe, maana wengi wetu hatujui kwamba inawezekana. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea nchini. Binamu yetu aliye Nyarugusu, Tanzania, akitaka kutoka kambini lazima apate kibali kwanza, na nilipomtumia picha alifikiri tumehamishwa. Sisi tulibeba kadi zetu, tukakodi gari, tukatoka Base Camp asubuhi ya Jumamosi kupitia Isingiro hadi Mbarara, halafu tukashika barabara ya Masaka.

Pale Biharwe tulisimama kwenye mnara wa kupatwa kwa jua. Hadithi ya pale inasema mfalme wa Bunyoro alivamia Nkore akachukua ng’ombe wengi, na mwaka 1520 jua likafunikwa mchana, akaogopa, akakimbia na kuacha ng’ombe wote. Watu wa hapa wakasema wameanguka kutoka mbinguni. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Kumbe hata hapa waliibianaka ng’ombe,” na alicheka sana. Mama ameishi Uganda miaka kumi na tano. Wilaya hii anaijua kwa foleni: foleni ya chakula, foleni ya hospitali, foleni ya kuhakikiwa. Kusimama mahali, mtu akamweleza historia ya nchi bila kumwomba namba ya kadi, ilikuwa mara ya kwanza.

Kwenye geti la Sanga mambo yalichelewa. Yaya na familia yake wana pasipoti za Marekani, kwa hiyo ni dola. Sisi wawili mlinzi aliangalia kadi zetu za ukimbizi, akaita mwenzake, wakaongea Kinyankole. Halafu akauliza, “Nyinyi Wakongo, si mko Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa?” Tukasema ndiyo, tangu 2022. Tukalipa kwa shilingi. Mama alimwambia yaya, “Umeona? Hapa ni wewe mgeni.” Alirudia maneno hayo siku nzima, hadi mke wa yaya akayajua kwa moyo.

Lake Mburo si mbuga kubwa, ni kama kilomita za mraba 370, na tembo hakuna. Lakini punda milia ni wengi, na swala, na nyati, na ngiri wanapita katikati ya watu bila aibu. Mahali pa kupiga kambi ni karibu na ziwa. Yaya alisimamisha hema zake kwa kufuata karatasi ya maelezo, sisi wengine tukitafuta kuni.

Mama alikuwa kwenye kiti chake anaangalia. Akaangalia mawingu. Akainuka, akasukuma kigingi kimoja kwa mguu, kikatoka.

“Hii itaondoka na upepo,” alisema. “Nani amekufundisha?”

Aling’oa vigingi vyote. Akageuza mlango wa hema usikabili upepo, akavipiga tena vikiwa vimelala upande, akavuta kamba mpaka kitambaa kikalia kama ngoma. Halafu akaomba jembe. Jembe hakuna. Akachukua kijiti na sahani ya bati, akapiga magoti, akaanza kuchimba mfereji kuzunguka hema ili maji yapite nje. Yaya alitaka kumzuia, nikamshika mkono. Yule msichana wa miaka tisa alichukua kijiko akaja kuchimba naye. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Aliuliza, “Koko, nani alikufundisha?” Mama akajibu, “Mvua.”

Mvua ilikuja saa mbili usiku na haikuwa ya mchezo. Maji yalizunguka kwenye mfereji yakateremka ziwani. Ndani ya hema hakuna hata blanketi moja lililolowa. Hema ya jirani zetu, vijana kutoka Kampala, ilijaa maji, na wakaja kuomba nafasi. Mama aliwakaribisha kutoka dirishani mwa gari kama mwenye nyumba.

Usiku wa manane kiboko alitoka majini kula majani. Tulimsikia anapumua na kung’oa nyasi, karibu kabisa. Mimi niliganda. Mama alishusha kioo kidogo akatuambia kwa sauti ya chini tusitoke, tusimulike tochi, na mtu asikae kati yake na maji. Akiwa msichana alikuwa akipeleka maharage kuuza Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward ndani ya mbuga ya Virunga, na pale viboko walikuwa wanapita kati ya nyumba. Miaka ya 1970 mbuga ile ilikuwa na viboko karibu 30,000. Risasi za vita na njaa ya wenye bunduki ziliwapunguza hadi chini ya 1,000. Mimi nilikua nikisikia Virunga ni mahali watu wanatekwa barabarani. Sikuwahi kusikia kwamba mama yangu aliwahi kukaa pale ufukweni, akala samaki wa kuchoma, akaona ni kuzuri.

Kiboko alipoondoka, msichana alifungua zipu ya hema, akakimbia hadi kwenye gari akalala na koko yake. Yaya alibaki na mvulana. Asubuhi mama alikuja akaingia ndani ya hema akiwa na kikombe cha chai. Akakaa humo na yaya, mlango wazi, labda nusu saa. Sikusikiliza walichoongea. Halafu wakakunja.

Yaya alirudi Kentucky tarehe nne Januari. Hema moja alituachia. Mama anasema kitambaa cha chini ni kizuri kwa kuanika maharage.

Mimi ninafanya kazi na kikundi cha vijana hapa, wako ishirini na sita, wengine walizaliwa Nakivale. Baada ya safari niliwauliza nani ameshafika Lake Mburo. Hakuna. Wengi wamefika Mbarara kwa warsha, katika ukumbi wa hoteli, wakala kuku wakarudi na kalamu. Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika wanaenda Mburo wikendi, Jumatatu wanatuonyesha picha za punda milia. Siwalaumu, picha ni nzuri. Lakini nimeandika bajeti: basi, kiingilio, chakula cha siku moja, turubai la akiba. Nimeipeleka ofisi mbili. Moja imeniuliza shughuli hii inaingia chini ya lengo lipi. Nyingine haijajibu. Mama ameshasema atakuja kufundisha mfereji, na safari hii anataka jembe.