Ngoma Ikiitwa Msibani

Khotsa alinipigia simu saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya Jumamosi. Khotsa ni mjomba wangu, kaka yake mama, na hapendi simu. Akikupigia kabla jua halijatoka, jua kuna mtu amekufa au kuna ng'ombe amepotea.

"Mulembe, mwana wanje. Mwalimu ametuacha."

Nilimjua Mwalimu. Kila mtu wa upande ule wa Shinyalu alimjua. Alifundisha vizazi viwili kusoma, akastaafu, akabaki kuwa mzee wa kuitwa watu wakigombania mpaka wa shamba. Alikuwa mgonjwa tangu Krismasi. Nilipaswa kusema pole. Badala yake mdomo wangu ulisema, "Kwa hivyo leo saa kumi hamtakuja?"

Siku hiyo nilikuwa na wageni 46 kutoka Nairobi.

Kazi yangu ni kuwapangia watu furaha. Kampuni ikiwa na wauzaji waliovuka tageti ya mwaka, wakati mwingine badala ya kuwaongezea mshahara huwapeleka safari. Hiyo ndiyo safari ya motisha. Mimi ndiye napigiwa simu na HR kuulizwa: tukija Kakamega siku mbili, watu wetu watafanya nini? Wakubwa wengi huwaza Mombasa, Naivasha au Dubai. Tunaowapata huku ni wale ambao bajeti yao imekatwa, au wale ambao bosi wao ni Mluhya. Sichagui. Rent hailipwi kwa kuchagua.

Kwa miaka sita nimejifunza mambo machache. La kwanza ni mvua. Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, kwa hivyo kila kitu cha nje lazima kiishe kabla ya saa nane. Msituni tunaingia asubuhi mapema, wakati mbega bado wako juu ya miti wakiota jua na ndege hawajanyamaza. Huu ni msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo, kipande kilichobaki peke yake huku mashariki, na mtu wa Nairobi akisimama chini ya miti yake kwa dakika tano bila kuongea, uso wake hubadilika. Tukipanda kilima cha Lirhanda, ninawaonyesha lile pango lililochimbwa enzi za kutafuta dhahabu, miaka ya 1930, ambalo siku hizi lina popo tu. Wauzaji hulipenda hilo pango. Wanaelewa habari ya kuchimba sana na kupata kidogo.

La pili ni kutochanganya zawadi na dawa. Mchezo wa kuvuta kamba au kukimbia ndani ya gunia unaweza kusaidia watu wasiopatana. Lakini mtu aliyeuza kuliko wenzake wote mwaka mzima, halafu umvalishe gunia na kumpulizia filimbi kama mtoto wa nasari, huyo hajazawadiwa. Ameongezewa kazi.

La tatu ni jikoni. Shughuli ambayo haijawahi kuniangusha ni kugawa watu katika makundi, kuwapa kuku wa kienyeji, mrenda, unga na jiko la kuni, na kuwaambia chakula cha mchana kiko mikononi mwao. Meneja anayeshindwa kuwasha moto anainua mikono, na yule dada wa ofisi ndogo ya Kitale ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza anageuka kuwa kamanda. Hakuna hotuba inayoweza kufanya hivyo.

La nne nilikuwa nalijua lakini sikulifuata: acha nafasi tupu. Watu waliotoka Nairobi na basi kutwa nzima, wakipitia Nakuru na Kapsabet, wanahitaji saa mbili za kukaa tu. HR wa kundi hili hakukubali. Alikuwa dada mwenye adabu na haraka. Aliangalia ratiba, akaweka kidole kwenye saa kumi jioni. "Hapa hakuna kitu. Watu wakikaa bure wataanza kulalamika kuhusu komisheni."

Nikajaza. Niliandika: isukuti, dakika 25, ndani ya ukumbi. Naye akaongezea: kila timu ijifunze mdundo mmoja, majaji watoe alama.

Kama hujawahi kusimama karibu na isukuti, ngoja nikueleze. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, wanaume safu yao, wanawake safu yao, na mabega ndiyo yanayofanya kazi. Ni ya Waisukha na Waidakho. Mtoto akizaliwa inapigwa. Harusini inapigwa. Asubuhi ya fahali kupigana, pale Khayega au Malinya, ndiyo inayomtangulia fahali uwanjani. Na mtu akifa, inapigwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua wanazeeka na hawapati wa kuwarithi, na watu wenye sherehe siku hizi huita dijei.

Kwa hivyo nilijiona mtu mwema. Nilikuwa nawaletea wazee pesa. Nilipompelekea Khotsa habari, alikuwa ameanika ngoma juani ili ngozi zikaze. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dakika 25," alisema.

"Ndio, Khotsa."

"Hizo ni za ngoma kupata joto." Halafu akacheka. "Na alama ni za nini? Tutaambiwa nani ameshinda?"

Nilimwambia ni mchezo tu, ni watu wa ofisi. Nikamtajia malipo: shilingi 2,000 kwa kila mtu, na wao ni 14. Akaacha kucheka. Ada ya shule ilikuwa inakaribia, na mwaka ule mahindi hayakufanya vizuri. Akasema watakuja.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na Mwalimu alikuwa amekufa.

"Mwana wanje," Khotsa alisema kwenye simu, "unajua jinsi ilivyo."

Nilijua. Lakini nilikuwa nimekaa kitandani kwenye hoteli, laptopu iko wazi, ratiba ya rangi tatu inanitazama. Nilifanya kile ambacho watu wa biashara hufanya. Niliongeza bei.

"Elfu nne kila mtu. Mje saa kumi, saa kumi na moja mko kwenye gari mnarudi msibani. Gari nalipa mimi. Nusu natuma sasa hivi kwa M-Pesa."

Alinyamaza. Nilisikia jogoo upande wake, na mbali kidogo, sauti za wanawake. Nilidhani anapiga hesabu. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniambia bila kunivunjia heshima.

"Baba yako tulimpigia usiku kucha," alisema. "Nani alilipa?"

Hakuna aliyelipa. Nilikuwa na miaka 15. Nakumbuka mvua, turubai lililobeba maji katikati mpaka likalegea, na wanaume wale wale wakipokezana ngoma hadi asubuhi ili nyumba yetu isinyamaze. Wengi hawakuwa hata ndugu. Mmoja wao alikuwa Mwalimu, ambaye hakujua kupiga ngoma, akashika njuga.

"Pole, Khotsa," nilisema hatimaye. "Poleni sana."

"Asante. Wape wageni salamu zetu. Waambie tumepata kazi."

Kabla ya staftahi nilipigia vikundi vingine viwili. Kimoja kilikuwa kinaelekea huko huko msibani. Kiongozi wa cha pili aliniuliza kwa upole kwa nini watu wa kwa mama yangu hawaji, na nilipomwambia, akasema basi na yeye hawezi kuonekana akicheza hotelini siku kama hiyo. Nikatafuta vijana wa mjini wenye spika na wimbo wa isukuti kwenye simu. Hao walikuwa tayari kabisa. Nilikaribia kukubali.

Nilimkuta HR akimenya yai. Nilimwambia ukweli: mzee amefariki, wapigaji ni wa pale, hawatakuja, na sitaleta wengine wa kuigiza. Akaweka yai chini.

"Nasikitika kwa msiba," alisema, na naamini alisikitika. "Lakini hii tumelipia. Iko kwenye programu. Mkurugenzi anakuja kwa ajili ya hiyo."

"Nitarudisha pesa yake."

"Si pesa tu. Nitawaambia nini watu saa kumi?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi ilienda fiti. Msitu ulikuwa msitu, jikoni kukachomwa ugali na watu wakaula hivyo hivyo. Saa tisa na nusu mvua ikaja. Saa kumi watu 46 waliingia ukumbini na hakukuwa na kitu. Mkurugenzi alizungumza kidogo, lakini mabati yalimshinda sauti. Ningependa kuwaambia kwamba kitu cha ajabu kilitokea. Hapana. Wengine walikwenda kulala. Wengine walicheza karata. Kundi moja, kama HR alivyotabiri, lilianza kulalamika kuhusu komisheni, na kwa kweli yale malalamiko yalikuwa na maana. HR alinipita mara mbili bila kunitazama.

Mvua ilikatika kama saa moja usiku. Tulikuwa upande wa Isecheno, karibu na msitu, na baada ya mvua sauti husafiri. Tulikuwa tumekaa nje na chai wakati kijana mmoja wa Nakuru alipoinua kichwa.

"Hiyo ni klabu gani?"

Ilikuwa ile ngoma kubwa. Ndogo hazifiki mbali, lakini kubwa inafika.

"Si klabu," nilisema. "Hao ndio waliokuwa waje hapa."

Kiti kwa kiti watu waliacha kuongea. Mama mmoja wa mauzo, ambaye mchana kutwa alikuwa akiwachekesha wenzake, aliuliza ni nani amekufa. Nikamwambia. Akauliza kama alikuwa na watoto. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba mwezi wa nane mwaka uliopita alimkosa shangazi yake, alizikwa akiwa njiani na bidhaa, kwa sababu mwezi ulikuwa unafunga na tageti haikuwa imefika. "Na nikaifikisha," alisema. "Ndiyo maana niko hapa."

Hakuna aliyemjibu. HR alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake, kikombe mkononi. Tulisikiliza ngoma mpaka chai ikapoa, kisha mbu wakatufukuza.

Kampuni ilikata asilimia 20 ya malipo yangu na haijaniita tena. Haki yao. Mkataba ulisema isukuti na mimi sikuleta isukuti. Jumatatu nilikwenda msibani na sukari na majani ya chai kama mtu mwingine yeyote, nikapewa sufuria nisugue. Khotsa aliniona, akaniita nikae karibu. Ile habari ya elfu nne hatujawahi kuigusa tangu siku hiyo. Ningetamani anigombeze mara moja tuishe.

Bado nafanya kazi hii, na bado wanakuja kupiga, wakiwa na nafasi. Kuna mambo matatu nimebadilisha. Wapigaji wanalipwa siku hiyo hiyo, kabla hawajapanda gari, hata kama kampuni itanilipa mimi baada ya siku 60. Hakuna alama wala majaji. Na kwenye kila kwotesheni ninayotuma, chini ya bei, kuna mstari mmoja ambao mawakili wa wateja hunipigia kuuliza maana yake. Unasema kwamba ngoma ikiitwa msibani itakwenda, mteja atarudishiwa pesa ya ngoma peke yake, na saa hiyo itabaki wazi.

Wateja wawili wamekataa kutia sahihi. Mmoja aliniuliza kama mstari huo unaweza kutumika pia kwa wafanyakazi wake.