Kufunga Tela ni Kazi ya Wawili



Huku Marekani tunakoishi, familia nyingi huenda likizo zikivuta nyumba nyuma ya gari. Ni tela lenye vitanda, jiko na choo. Nasi tunalo, na watoto wanalipenda mno. Lakini kabla ya safari kuna kazi ya kulifunga kwenye pikapu, na tukifika kambini kuna kazi ya kulifungua. Kazi hizo mbili zimetufundisha jambo juu ya ndoa.

Tela letu likipakiwa lina kilo 2,500. Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, yaani kilo 250 hadi 375, iegemee nyuma ya pikapu. Ikipungua hapo, tela huyumba barabarani. Lakini zote zikikaa mkiani, nyuma ya gari hushuka, mbele huinuka, na magurudumu yanayoongozwa na usukani hayashiki barabara vizuri. Aliyewahi kuona mkokoteni uliolemewa nyuma ukitaka kumnyanyua punda ataelewa.

Kwa hiyo hutumika vyuma viwili virefu vyenye nguvu ya springi. Huchomekwa nyuma ya pikapu, chini ya lile tufe la chuma ambalo tela hushikamana nalo, kisha hufungwa kwenye pande mbili za ulimi wa tela. Vikikazwa, husukuma sehemu ya uzito kwenda magurudumu ya mbele ya pikapu, na sehemu nyingine kwenda magurudumu ya tela. Vyuma hivyo havipunguzi hata kilo moja. Mzigo ni ule ule, ila hauangukii mahali pamoja.

Kwa miaka kadhaa kazi hii ilikuwa ya baba wa nyumba yetu peke yake. Kisha akaumia mgongo, na daktari akamkataza kuinama na kuinua vitu vizito. Ikawa ama tuuze tela, ama tugawane kazi. Tukagawana. Sasa mama hushika jeki na vyuma. Baba huendesha, kisha husoma orodha kwa sauti, hatua kwa hatua.

Wakati wa kufungua, kwanza tunaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, maana tela lililoachana na gari laweza kuteremka lenyewe. Pili, likiwa bado limeshikana na tufe, tunapandisha jeki mpaka mkia wa pikapu uinuke nalo. Hapo vyuma hulegea, tukavitoa bila kupigana navyo. Chuma kilichokazwa huweza kuruka na kuvunja mkono au taya. Ndipo tunashusha jeki, tunafungua komeo, na kuliinua tela liachane na tufe. Minyororo ya usalama na waya wa taa na breki hutolewa mwisho, kabla pikapu haijasogea. Wakati wa kufunga, jeki hutusaidia vilevile: tela likishanasa na pini kuwekwa, tunainua vyote pamoja ndipo tukaze vyuma.

Watoto husimama mbali na binti yetu mkubwa. Hakuna anayemwita msoma orodha wala kumuuliza swali mpaka kazi iishe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ada za shule, wazazi wanaougua nyumbani, zamu za usiku: ukivitazama kwa mbali, huoni uzito wake. Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anatuagiza kusaidiana mizigo. Na mistari michache baadaye anakumbusha kwamba kila mmoja ana wake.

Tena pikapu ina kikomo chake kilichowekwa na waliolitengeneza, na vyuma vile havikiongezi. Vivyo hivyo, kugawana hakutoshi kama nyumba imejitwika kupita uwezo. Kuna mchango, mkopo au sherehe ambayo ninyi wawili hamna budi kuikataa kwa sauti moja.

Dada mpendwa, jioni ya leo muulize mwenzako ni upande gani umemlemea, nawe umwambie wako. Kisha ombeni pamoja, mkapange upya. Mungu azilinde safari zenu.