Kamera zikiondoka Haiti

Kama umewahi kuchunga sava unaijua grafu hii. Tovuti ndogo inatajwa kwenye habari, wageni wanafurika siku mbili tatu, kisha wiki inayofuata mstari umelala chini kama zamani. Misaada ya majanga nayo hupanda na kushuka hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba njaa na kulala nje havifuati grafu hiyo.

Nachukua mfano wa Haiti kwa sababu sisi Wakenya tuna mkono wetu pale. Tetemeko la Januari 12, 2010 lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, kama kilomita 25 magharibi mwa mji mkuu, Port-au-Prince. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Serikali yao ilitaja zaidi ya watu 300,000, wengine wanasema ni wachache kuliko hapo. Saa chache tu baadaye, Ushahidi, ile programu iliyozaliwa hapa kwetu Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilikuwa tayari na ramani ya Haiti. Watu walituma SMS kwa namba 4636, Wahaiti walio ughaibuni wakazitafsiri kutoka Krioli, na wanafunzi wa kujitolea karibu na Boston wakaziweka kwenye ramani. Wale wa OpenStreetMap nao wakachora Port-au-Prince barabara baada ya barabara kutoka picha za setilaiti. Jamani, hiyo ilikuwa kazi!

Lakini SMS nyingi hazikutoka kwa watu waliofukiwa na vifusi. Zilitoka kwa watu walioomba chakula, maji na mahali pa kulala. Aliyefukiwa ana siku chache tu, na ndiye kamera inayemtafuta. Anayeomba maji ataomba tena kesho, na mwezi ujao, na nukta kwenye ramani si lori la maji.

Upande wa pesa ni vile vile. Marekani mtu alituma neno HAITI kwa namba 90999 na dola 10 zikaongezwa kwenye bili yake ya simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikusanya zaidi ya dola milioni 30 kwa njia hiyo peke yake, na kwa jumla karibu milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR walifuatilia nyumba za kudumu ambazo shirika hilo lilikuwa limejenga Haiti, wakahesabu sita. Shirika lilijitetea kwamba lilisaidia watu wengi kupata makazi kwa njia nyingine. Sawa, lakini ukimtumia mama pesa kwa M-Pesa unapata ujumbe wenye jina lake na saa. Yule wa dola 10 alipata asante.

Oktoba 2010 kipindupindu kikaingia Haiti, kupitia maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kiliua karibu watu 10,000 katika miaka iliyofuata. Umoja wa Mataifa ulikuja kuomba radhi Desemba 2016. Hebu jiulize unakumbuka picha ngapi za hicho kipindupindu.

Kisha Agosti 14, 2021, tetemeko jingine, 7.2, kusini-magharibi mwa nchi ile ile. Walikufa zaidi ya watu 2,200. Lilikuwa mbali na mji mkuu, ndiyo maana halikuua kama lile la kwanza. Siku iliyofuata Kabul ikaangukia mikononi mwa Taliban, na televisheni zote zikahamia uwanja wa ndege wa huko. Siku moja baadaye dhoruba Grace ikawanyeshea Wahaiti waliokuwa wamelala nje.

Hii si bahati mbaya ya mara moja. Watafiti Eisensee na Strömberg walionyesha mwaka 2007 kwamba janga likitokea wakati wa Olimpiki, uwezekano wa kupata msaada wa Marekani unapungua, kwa sababu taarifa ya habari imeshajaa.

Ramani ya 2010 ilikuonyesha kama ripoti imethibitishwa au la. Mimi ningeongeza safu mbili kwenye jedwali: nani amelichukua ombi hili, na ni siku ngapi zimepita bila jibu. Hiyo ya pili tarakilishi iihesabu yenyewe kila usiku, maana mhariri wa habari hataihesabu, na sisi waandika programu tutakuwa tumeshahamia mradi mwingine. Kodi yake ni ya jioni moja. Kazi ni kumpata mfadhili atakayelipia sava mwaka wa tatu.